Nani Aliyelichora Jalada Hili?

Kama nyumbani kwenu zimesalia santuri za zamani, hebu chukua moja uligeuze jalada lake. Utaliona jina la mwimbaji, la wimbo na la kampuni, pengine hata anwani ya duka. Jina la aliyelichora jalada lenyewe mara nyingi hutalipata.

Jambo hilo lilinikosesha usingizi baada ya mama kunikabidhi santuri za marehemu baba hapa Nakuru. Nyingi ni zile ndogo za nyimbo mbili, zilizovikwa karatasi isiyo na picha. Katika Bonde la Ufa biashara hiyo ilikuwa na wenyewe. Kule Kericho, duka la Chandarana lilirekodi na kuuza nyimbo za Kikalenjin, Kijaluo, Kikisii na lugha nyinginezo. Santuri ndogo ilikuwa bidhaa ya bei nafuu, na karatasi ya aina moja ilitosha kuvika nyimbo za kila bendi.

Lakini jalada moja, la santuri kubwa, lilikuwa na mchoro: kijana mwenye gitaa, ng'ombe watatu nyuma yake, na jina la bendi kwa herufi za mkono. Mchoraji hakutajwa popote.

Nilimpelekea mjomba, aliyeandika vibao vya maduka mjini kwa zaidi ya miaka 30. Alilitazama kwa muda mrefu.

"Mwanangu," akasema, "waache ng'ombe, tazama herufi. Hii R imenyoosha mguu kama mtu aliyeketi mkekani. Mkono wa mtu haufichiki."

Hata ng'ambo hutumia njia hiyo. Andy Warhol, msanii maarufu wa Marekani, alichora majalada kadhaa ujanani bila kutajwa. Baadaye wakusanyaji waliyatambua kwa kulinganisha mistari yake ya wino iliyokatikakatika. Mamake, Julia Warhola, ndiye aliyeandika kwa mkono jalada la santuri ya Moondog ya mwaka 1957, na mwandiko wake nao ulikuwa hauna mfano.

Basi mimi na mjomba tukazunguka Nakuru tukiitafuta R. Vibao vingi vya zamani vimeng'olewa, na vya siku hizi huchapwa kwa kompyuta. Jumamosi ya tatu tuliiona, imefifia juu ya mlango wa kinyozi. Mwenye duka alimkumbuka fundi. Alikwisha fariki, lakini mjane wake angali hai, yuko upande wa Njoro.

R peke yake si ushahidi wa kutosha. Bibi yule alipolishika jalada, hakuangalia herufi.

"Huyu mwenye gitaa ni kaka yangu," akasema. "Mzee alimkalisha pale nje akamchora. Hata gitaa lilikuwa la kuazima."

Kisha akafungua sanduku, akatoa karatasi za penseli: kijana yule yule, ng'ombe wale wale. Mzee alilipwa mara moja, akasahauliwa. Mjukuu wake, anayesomea uchoraji chuoni, alikuwa akiambiwa na jamaa kwamba ameacha njia ya ukoo wao. Siku hiyo alikaa na zile karatasi mapajani, asiseme neno.

Jina la mzee sitalitaja hapa, kwa kuwa wanawe bado wanashauriana. Hiyo ni haki yao. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inamlinda msanii atambuliwe kuwa ndiye mwenye kazi, hata akishauza haki za biashara. Lakini sheria haiwezi kumtambua mtu ambaye hakuna anayemkumbuka.

Ndiyo maana nakusihi, msomaji, waulize wazee wakingali nasi. Nani aliishona nguo hii? Nani aliipiga picha hii? Jibu liandike nyuma, hata kwa penseli. Wahenga walisema mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Na haki ya kwanza ya fundi ni jina lake.