Skrubu Zilipolegezwa

Miaka michache iliyopita sisi wawili, mchungaji na mama mchungaji, tulikwenda Minnesota, Marekani, kuwatembelea Walutheri wenzetu. Novemba ilikuwa inakaribia, msimu wa kuwinda kulungu. Jioni moja mwenyeji wetu, mzee wa kanisa, alituita gerejini kwake. Risasi za bunduki yake zilikuwa zikitawanyika, hata akilenga vizuri.

Alihakikisha bunduki ni tupu, akaibana kwenye jiliwa. Akamwambia mama mchungaji aweke kidole pale mtutu unapokutana na mbao, kisha akalegeza skrubu ya mbele. Mama alishtuka. Chuma kiliinuka chini ya kidole chake.

Mzee akatueleza. Mbao hunywa unyevu, ikavimba na kupinda, na chuma kisipate pa kukaa sawasawa. Ukikaza skrubu, chuma kinajipinda kufuata kasoro. Kwa macho vimeshikana, lakini ndani vinavutana. “Kukaza kunaficha kasoro,” alisema, “hakuiondoi.”

Kazi yenyewe ilikuwa ya upole. Alikwangua mbao, akapaka chuma nta kisigande, akaziba matundu ya skrubu kwa udongo laini, akaweka gundi ya epoksi, akakilaza chuma juu yake polepole. Skrubu alizizungusha kwa vidole tu. Kisha akazima taa, gundi ikauke hadi kesho yake.

Usiku ule hatukulala. Sote tulimfikiria mtoto wetu wa kwanza. Tangu utoto tulimkaza: Shule ya Jumapili, kwaya, Kipaimara, sala za alfajiri. Kila alipouliza swali gumu tulimjibu, “Mtoto wa mchungaji hasemi hivyo.” Usharika ulitusifu. Alipokwenda chuo kikuu, skrubu zikalegea. Akaacha ibada, na Jumapili hakupokea simu zetu. Tulimlaumu yeye, tukalaumu na marafiki zake. Hatukujiuliza kama alikuwa amekaa vizuri siku zile alipotulia mbele yetu.

Katika Efeso 6:4, Paulo anawaonya kwanza akina baba wasiwachokoze watoto, ndipo anataja malezi. Fungu hilo tumelihubiri mara nyingi, tukipita haraka nusu yake ya kwanza.

Kesho yake jioni mzee alilegeza skrubu tena. Kidole hakikuhisi kitu.

Tuliporudi nyumbani tulimfuata mtoto wetu chuoni. Hatukumhubiria. Tulimwomba msamaha, tukamsihi atuulize tena yale maswali ya zamani. Alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akauliza la kwanza, nasi tukakiri kwamba jibu hatuna.

Bado hajarudi ibadani. Lakini siku hizi Jumapili anapokea simu, na mara nyingine hupiga yeye. Katekisimu Ndogo ya Luther, tunayowafundisha watoto wa Kipaimara kila mwaka, inasema kuwa imani ni kazi ya Roho Mtakatifu. Nasi tunajifunza kuweka bisibisi chini na kungoja.