Lehemu Haishiki Penye Uchafu

Nataka kuwasimulia habari ya motakaa yangu kuukuu, Peugeot 404, ya namna iliyoanza kuundwa Ufaransa mwaka 1960. Habari yenyewe ni ndogo, lakini imenifunza jambo, wala sioni vema kulificha.

Siku moja nalikuwa nikipanda kutoka Mombo kwenda Lushoto, kwa njia ile ipindayo ubavuni mwa milima ya Usambara. Kabla ya kufika Soni, mvuke ukatoka mbele. Nikasimama, nikainama, nikaona maji yakichuruzika chini ya rejeta. Pamoja nami alikuwa mwanafunzi mmoja, ambaye asubuhi ile nalimtuma kutia maji. Nikamkemea, "Wewe umevunja kitu!" Akajibu kwa upole, "Sikugusa ila kifuniko, Mwalimu." Sikumsadiki.

Tukangoja hata injini ikapoa. Maana afunguaye kifuniko cha rejeta ya moto huweza kurukiwa na maji yachemkayo, na maji baridi yakitiwa katika injini ya moto huweza kuipasua. Kisha tukajaza maji, tukaenda polepole, tukisimama na kuongeza, hata tukafika kwa fundi mmoja mzee.

Yule mzee akaufungua mpira wa chini, akanionyesha mdomo wa rejeta uingiao katika mpira ule. Ulikuwa umebonyea, na pale ulipoungana na tangi palikuwa na ufa. Akauliza, "Mwalimu, nani aliyeikaza pete hii ya mpira?" Nikakumbuka. Juma lililotangulia naliona tone moja la maji, nikaikaza pete mwenyewe kwa nguvu zangu zote. Nikanyamaza.

Fundi akasema, "Ufa huu hudhuru mara mbili. Maji hupungua, tena msukumo wa ndani hupotea, na maji yasiyo na msukumo huchemka upesi." Nami nalijua ya kuwa Lushoto, iliyo juu ya bahari kwa mita 1,400 hivi, maji ya sufuriani huchemka kwa digrii 95 tu, wala si 100. Akaendelea, "Lakini una bahati. Rejeta yako ni ya shaba, imeungwa kwa lehemu, basi hutengenezeka. Nyingi za siku hizi ni za alumini na plastiki. Hizo hazikubali kazi hii."

Akaitoa rejeta, akaunyosha mdomo taratibu juu ya mti wa mviringo. Kisha akaanza kusugua kwa brashi ya waya na msasa, akasugua sana. Nikachoka kungoja, nikasema, "Baba, si uipake lehemu tu juu yake?" Akacheka. "Lehemu haishiki penye uchafu, Mwalimu. Itaufunika ufa, lakini haitauziba."

Shaba ilipong'aa, akapaka dawa ya kulehemu, akazungushia viungo vya jirani matambara mabichi visije vikalegea, akatia chuma cha moto. Lehemu, iliyo mchanganyiko wa bati na risasi, ikayeyuka, ikanywewa ndani ya ufa kama maji katika mchanga. Ilipopoa akaziba midomo yote, akaizamisha rejeta katika pipa la maji, akatia upepo kidogo kwa pampu. Halikutoka povu hata moja. Ndipo akanawa mikono kwa sabuni, kwa kuwa risasi ni sumu.

Aliporudisha mpira, akaikaza pete kwa kiasi, akaacha.

Nikamwita yule kijana mbele ya fundi, nikamwambia, "Mwanangu, aliyeuvunja mdomo ule ni mimi. Nisamehe." Naliona vigumu kusema, na hasa mbele ya mtu, lakini mbele ya mtu ndipo ningalimwaibisha kama angalikuwako. Akasema, "Yamekwisha, Mwalimu," akatabasamu.

Mdomo ule haujavuja tena. Nami nikishika bisibisi, hukaza kwa kiasi. Na nikiona maji chini ya gari, hutazama kwanza kazi ya mikono yangu.