Nyumba Huanzia Kwenye Karatasi

Msafiri atokaye Bunia kuelekea kaskazini hupanda vilima vya Djugu mpaka afike mahali ambapo upepo ni wa baridi hata jua liwakapo. Upande wa mashariki nchi yateremka kwenye Ziwa Albert. Huko juu ndiko Bule. Wazee wa vilima hivi walijenga kwa miti, udongo na nyasi, nao walijua vema upande mvua itokako.

Lakini mwenye kuitaja Bule leo hawezi kuzitaja nyumba zake tu. Karibu na hapo, mahali paitwapo Plaine Savo, maelfu ya watu waliokimbia vita walikaa katika vibanda vya turubai vilivyosongamana. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Februari 2022, sikukuu ya Yezu kutolewa Hekaluni, wanamgambo waliwavamia wakaua watu zaidi ya 50. Mungu awarehemu.

Basi tunajiuliza: mtoto aliyekulia chini ya turubai atajuaje nyumba ni nini? Tunajibu: ataijua akiichora. Baba amwonapo mwanawe akichora milango na madirisha kwa kipande cha makaa, asimkemee kwamba anapoteza wakati. Huenda mjenzi wa Bule ya kesho ndiye huyo.

Nchi yetu ya Kongo ina mfano wake. Bodys Isek Kingelez alizaliwa mwaka 1948 katika kijiji cha Kimbembele Ihunga, akahamia Kinshasa mwaka 1970. Kwa mkasi, wembe, gundi na karatasi alijenga jumba dogo, akalipeleka kwenye makumbusho ya taifa. Wakuu wa makumbusho hawakusadiki kwamba ni kazi yake. Ikambidi aunde jingine mbele ya macho yao. Ndipo wakampa kazi. Mwaka 1994 alikifanya kijiji chake cha kuzaliwa kuwa mji mzima wa karatasi, wenye maghorofa na uwanja wa mpira. Alifariki mwaka 2015, na miaka mitatu baadaye watu wa New York walimiminika kuitazama miji yake.

Labda msomaji atasema: miji ya karatasi hailali mtu. Ni kweli. Ila na tumtazame Francis Kéré wa kijiji cha Gando, Burkina Faso. Alipotaka kuwajengea wenzake shule, aliwachorea jengo mchangani, kwa kuwa wengi hawakuzoea ramani za karatasi. Wanakijiji wenyewe wakafyatua matofali ya udongo uliochanganywa na saruji kidogo. Bati waliliinua juu ya dari ili hewa ya moto itoke. Shule ilikamilika mwaka 2001, na mwaka 2022 Kéré akawa Mwafrika wa kwanza kupewa tuzo ya Pritzker, iliyo kubwa kabisa kwa wasanifu wa majengo.

Hata hivyo, shule ya Gando haifai kuletwa Bule vivyo hivyo. Gando wanakimbia joto. Bule wanakimbia baridi. Kwa hiyo kijana wa Bule hana budi kuchora kila siku yale ayaonayo: jinsi moshi utokavyo jikoni, mahali maji ya mvua yapitapo, kivuli cha mkaratusi, kona ya kibanda ambamo mama hulaza mtoto. Jicho lililozoezwa hivyo ndilo litakalobuni nyumba iwafaayo watu wake.

Kuchora hakuzuii risasi, wala hakumrudishii mtu shamba lake. Amani ndiyo msingi, nasi tuiombe na kuitafuta bila kuchoka. Lakini amani itakapofika Bule, itataka nyumba za kukaa. Enyi wazazi, daftari la shule likiisha, msiwashie moto kurasa zilizobaki nyeupe. Wapeni watoto.