Shela, Bahari na Kioo cha Kuondoa Mng'ao



Shangazi yetu alizaliwa Shela, kisiwani Lamu, na sasa hawezi kuinuka kitandani kwake Mombasa. Alituomba jambo moja tu: "Mwanangu, nipigie picha ya pale chini ya maji, nilipokuwa nikiokota kauri na wenzangu." Tukasafiri, tukapiga, tukarejea. Picha zote zilijaa mng'ao, mithili ya shuka jeupe lililoanikwa juani. Shangazi alizitazama, akatushukuru kwa adabu, akaturudishia. Tukajua kwamba hatujampa alichokitaka.

Mpiga picha mmoja wa harusi alitufahamisha kuhusu filta ya polaraiza, kioo kinachofungwa mbele ya lenzi na kuzungushwa kwa vidole. Nuru inayoakisiwa na uso wa maji, nyingi yake hutikisika kwa mwelekeo mmoja wa ulalo. Kioo hiki huizuia hiyo, kikaiachia nuru itokayo chini ya maji ipite. Ibn al-Haytham alieleza kuakisika kwa nuru katika Kitab al-Manazir, katika karne ya 11. Sifa hii ya mtikisiko ilionwa katika nuru iliyoakisiwa na Mfaransa Étienne-Louis Malus mwaka 1808.

Filta ya kwanza tuliinunua kwa bei nafuu katika duka moja mjini, bila kuijaribu. Binti yetu aliishika mbele ya skrini ya simu, upande wenye uzi ukielekea jichoni, akaizungusha. Skrini haikubadilika hata kidogo. Filta ya kweli huifanya iwe nyeusi kisha ing'ae tena. Ile yetu ilikuwa kioo kitupu.

Mara ya pili tulikwenda dukani na kamera yenyewe. Kwanza, kipimo: mbele ya lenzi, kando ya alama ya duara lililokatwa na mstari, huandikwa kipenyo kwa milimita, kama 52, 58, 67 au 77. Pili, aina: ipo ya mstari na ipo ya mviringo, na majina haya hayahusu umbo, kwani zote ni duara. Ya mstari huweza kuivuruga kamera yenye kioo cha ndani inapopima nuru na kulenga yenyewe. Kwa hiyo tulichagua ya mviringo, yenye herufi CPL. Tatu, ukingo: kwa lenzi ya kuona upana, ukingo mwembamba hauzibi pembe za picha.

Tukarudi Shela wakati wa maji kupwa, saa tatu asubuhi. Tuliupita msikiti wa Ijumaa uliojengwa mwaka 1829, tukashuka ufuoni. Palikuwa na akina mama wakipita na watoto. Tuliishusha kamera hadi walipopita, kwani picha ya mtu huombwa ruhusa.

Tulipotazama maji wima chini, filta haikusaidia. Tulipoyatazama kwa mshazari, yapata digrii 37 kutoka usawa wa maji, tukaizungusha polepole, mng'ao uliondoka kama pazia linalofunguliwa. Mchanga ukaonekana, na mikunjo yake, na nyasi za bahari, na kauri wawili karibu na jiwe. Filta hupunguza nuru kwa nusu au zaidi, basi tuliegemeza viwiko magotini ili mkono usitikisike. Jioni tuliisafisha chumvi kwa maji baridi na kitambaa laini.

Shangazi aliishika picha kwa muda mrefu. "Chini ndipo hapa," alisema, "lakini juu mbona pamezimika? Bahari yetu huwaka."

Alikuwa na haki. Tulikuwa tumeizungusha filta hadi mwisho, tukaondoa mng'ao wote. Kwa bahati tulikuwa na picha nyingine, iliyopigwa kabla ya mzunguko kukamilika: mchanga na kauri waonekana, na ukingoni yamebaki mawimbi machache yanayometa. Hiyo ndiyo aliyoiweka chini ya mto wake. Zile nyingine alituambia tuwape watoto.

Mwenye kununua filta basi aijaribu kwanza dukani, kisha ajizoeze kusimamisha mkono kabla ya mwisho wa mzunguko. Nasi twamwombea shangazi yetu afya, na kila mgonjwa aliye mbali na kwao.