Zamu ya Kila Rika

Msomaji kijana, yamkini umekwisha kusikia mara nyingi, katika mabaraza na katika harusi, mzee akisimama na kusema kuwa vijana ni viongozi wa kesho. Maneno hayo ni matamu, na aghalabu hupigiwa makofi. Walakini kesho hiyo haitajiwi tarehe. Aliyeambiwa hivyo akiwa darasa la saba huambiwa tena akiwa na mke na watoto, na huenda mzee anayemwambia akawa ni yule yule.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili hapa Kakamega, na umri wangu haujafika miaka 40. Wanafunzi wangu huniita mtu wa kale, kwa sababu husimama mzee anapoingia chumbani, na sipendi kuona kitu kikivunjwa kabla ya kuulizwa kilijengwa kwa ajili gani. Jina hilo silikatai. Katika lugha ya siasa mtu wa namna yangu huitwa mhafidhina. Lakini napenda nikueleze kwa nini uhafidhina wangu haunipeleki upande wa wazee kila mara, kwa maana wako wengi wanaodhani kuwa kupenda desturi ni kuwatetea wenye mvi katika kila neno wasemalo.

Hitilafu baina ya wazee na vijana si jambo jipya katika magharibi ya Kenya, wala watu wa kale hawakuipuuza. Waliiwekea utaratibu. Watazame Watiriki, majirani zetu wa kusini, ambao leo wamo katika Kaunti ya Vihiga na zamani walihesabiwa katika Wilaya ya Kakamega. Wao walipokea kutoka kwa jirani zao Waterik, wenye lugha ya jamaa ya Kikalenjin, mpango wa marika saba: Kabalach, Golongolo, Jiminigayi, Nyonje, Mayina, Juma na Sawe. Kila rika lilikusanya wanaume waliotahiriwa katika muda wa miaka kama 15, na majina yalizunguka, hata jina moja likarudi baada ya miaka 105. Mtaalamu mmoja wa Marekani, Walter Sangree, aliishi kati yao katika miaka ya 1950, na katika kitabu chake cha mwaka 1966 alieleza jinsi kila rika lilivyopanda ngazi nne. Vijana walikuwa askari, kazi yao kulinda nchi. Waliowatangulia waliangalia shughuli za kila siku, na kusimamia mikutano ya kugawa mali baada ya matanga. Juu yao walikuwa wazee waamuzi, waliokata mashauri. Na juu ya wote walikuwa wazee wa ibada, waliowaombea watu mbele ya mizimu ya mababu.

Soma ngazi hizo tena polepole, nawe utaona jambo ambalo wasifu wetu wa mila huliacha. Rika moja lilipopanda, rika lililo mbele yake lilipanda pia. Mwamuzi hakukaa katika uamuzi mpaka kufa. Wakati wake ulipofika aliiacha kazi hiyo kwa walio nyuma yake, akapewa nyingine yenye heshima kubwa zaidi. Basi kijana aliyemheshimu mzee hakufanya hivyo kwa hofu tu. Alijua kwamba kiti kile kitakuwa chake, na alijua takriban mwaka gani. Heshima ilikuwa na tarehe.

Walipokuja Waingereza wakakomesha vita, kazi ya kwanza kuondoka katika ngazi ile ilikuwa kazi ya vijana. Ngao zilitundikwa. Wazee waliendelea kuamua na kuomba, ijapokuwa mamlaka yao nayo yalipunguzwa na machifu na makanisa. Lakini kijana alibaki na jina la rika bila wajibu wa rika, akaenda kutafuta mshahara katika mashamba ya wazungu na Nairobi. Nadhani hapo ndipo penye mzizi wa ugomvi tunaoushuhudia leo. Tuliendelea kumdai kijana heshima ya desturi, na desturi haikuwa tena na kitu cha kumpa.

Sasa tufike mwezi wa Juni mwaka 2024. Bungeni kulikuwa na Mswada wa Fedha uliokusudia kuongeza kodi, na vijana walioitana kwa TikTok na X walitoka barabarani katika miji mingi ya Kenya, wakisema kwamba hawana kabila, hawana chama, hawana kiongozi. Tarehe 25 waliingia katika majengo ya Bunge; kesho yake Rais alikataa kuutia mswada sahihi. Kati ya siku hizo na majuma yaliyofuata, makumi ya watu walikufa, wengi wao vijana wa umri wa kaka na dada zako. Nilisikia wazee wakisema kwamba watoto wa siku hizi wamekosa adabu. Mimi nilikuwa nikiwaza habari ya askari wa Kitiriki. Kijana aliyeusoma mswada kifungu kwa kifungu, akawafafanulia wenziwe kwa lugha za nyumbani, alikuwa akifanya kazi ya rika lake, yaani kulinda nchi. Kumwita mtovu wa adabu ni kuisahau mila ile ile tunayojidai kuitunza.

Katika neno moja, hata hivyo, sikubaliani na vijana wale. Kutokuwa na kabila katika siasa ni jambo jema, na Mungu alizidishe. Lakini kutokuwa na kiongozi ni fahari ya muda mfupi. Umati unaweza kuuzuia mswada. Hauwezi kuutunga, wala hauwezi kukaa miaka mitano katika kamati ukibishana juu ya tarakimu. Mtu asiyetaka kuongoza wala kuongozwa humwachia kiti yule yule aliyemlalamikia.

Pana kasoro nyingine katika mpango wa marika, nami sitaificha kwa kuwa naupenda. Ngazi ile ilikuwa ya wanaume. Mama zetu walilima, walilea, waliombolezea wafu, lakini walipogawa shamba hawakuitwa. Katika sehemu hizi zetu, ambapo ekari moja hugawiwa wana watano na kila mmoja hupata mahali pa nyumba na migomba michache, jambo hili si la nadharia. Sheria ya Urithi ya mwaka 1972 haikumtenga binti na mwana katika mali ya baba, na Katiba ya mwaka 2010 ilikataza ubaguzi wa kijinsia katika mila za ardhi. Walakini ndugu wangapi wa kiume hapa Kakamega wamempa dada yao sehemu yake pasipo kupelekwa mahakamani? Wanaomkatalia hujiita walinzi wa desturi. Kwangu mimi hao ni walinzi wa ekari.

Edmund Burke, ambaye wahafidhina wa Uingereza humhesabu kuwa baba yao, aliandika mwaka 1790 kwamba jamii ni ushirika wa waliokufa, walio hai, na wasiozaliwa bado. Bila shaka mzee wa ibada wa Kitiriki angalimwelewa bila mkalimani. Na Katiba yetu, katika utangulizi wake, husema kwamba mazingira ni urithi wetu na yatunzwe kwa manufaa ya vizazi vijavyo. Ukitaka kuliona neno hilo kwa macho, ingia katika msitu wetu wa Kakamega, uliohifadhiwa na serikali tangu mwaka 1933, kipande cha mwisho upande wa mashariki cha msitu mkubwa wa mvua wa Kongo. Miti mingine mle ni ya umri mkubwa kuliko Kenya yenyewe. Aliyeiacha isikatwe hakupata kivuli chake. Sisi nasi tumelazimika kuulinda na shoka, maana kuni na mbao zina bei leo, na mtoto asiyezaliwa hana sauti sokoni.

Isukuti ina shida ya namna nyingine. Ngoma hiyo ya Waisukha na Waidakho, yenye ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, iliandikwa na UNESCO mwaka 2014 katika orodha ya mila zinazohitaji kuokolewa kwa haraka. Sababu mojawapo iliyotajwa ni kwamba mafundi wake wanazeeka na hawana warithi. Usikimbilie kuwalaumu vijana kwa jambo hili. Nimewaona wapigaji wakongwe wasiompa mtoto ngoma hata siku ya mazoezi, kwa kuogopa ataiharibu, kisha katika mazishi wanalalamika kwamba hakuna ajuaye kuipiga. Na nimewaona vijana wenye nguvu za kuipiga usiku kucha, ambao hutaka walipwe kwanza ndipo washike. Kila upande unangoja mwenziwe aanze.

Sisi walimu angalau tuna zamu inayojulikana. Mtumishi wa serikali hustaafu akiwa na miaka 60. Zamani ilikuwa 55. Ikasogezwa mbele mwaka 2009, na vijana waliokuwa wamemaliza vyuo vya ualimu wakati huo walikaa nyumbani wakizihesabu zile tano za ziada. Baadhi yao, walipoajiriwa, walikuwa na watoto wanaosoma. Nami nimekwisha kuupigia hesabu mwaka wangu. Huenda atakayeishika chaki yangu yumo shuleni hivi sasa, au hajazaliwa. Kwa hiyo namwekea daftari la majina katika utaratibu, na vitabu vya darasa nimeviandika nambari ili asianze kwa kuvitafuta.