Biskuti za Limau na Jina la Siagi



Huenda ukastaajabu kumwona mwalimu wa chuo, ambaye kazi yake ni kuwafundisha watoto hijai na watu wazima milango ya biashara na mirathi, ameshika kalamu kuandika habari za biskuti. Usistaajabu. Mambo mengi ya dini yetu hupitia jikoni kabla hayajafika msikitini, na hili ninalotaka kukueleza lilinijia kwa mlango wa jikoni, hapa Same, siku za kukaribia Idi.

Mimi ni mtu wa pwani. Kwetu Pangani biskuti ya Idi ni kileja: unga wa mchele, samli, sukari na iliki, kitu ambacho ukikitia mdomoni huvunjika kikawa vumbi tamu. Kahawa chungu na kileja, mtu wa kwetu hataki zaidi. Lakini niliposafiri kuja huku bara kusomesha, na nikaoa katika milima ya Upare, nilikuta mambo mengine. Mji wa Same uko chini, kwenye njia kuu iendayo Moshi na Arusha, nao ni mji wa jua na vumbi na katani. Inua macho tu, utaiona milima yenyewe, ambayo kilele chake kirefu, Shengena, kina mita 2,462. Huko juu kuna ukungu na migomba, na ng'ombe hufungwa zizini wakaletewa majani. Penye ng'ombe na baridi pana siagi.

Mama mkwe wangu anaishi huko. Umri wake umepita 80 na meno yamekwisha. Mwaka mmoja tulimpelekea vileja vya kwetu, na vumbi lile la mchele likampalia, akakohoa mpaka tukaogopa. Tangu hapo mke wangu humwokea biskuti laini za limau na siagi, ambazo mzee huzimumunya bila taabu. Kila Idi ya kwanza tukipanda mlimani hupanda na kopo lake.

Basi kwanza nikueleze jinsi zinavyookwa, maana kina mama wengi wa pwani wameniuliza kwa nini zao huwa ngumu kama kigae.

Vipimo vya nyumbani kwangu ni hivi: unga wa ngano gramu 350, siagi gramu 225, sukari gramu 200, yai moja zima na kiini cha la pili, malimau mawili, nusu kijiko cha chai cha magadi soda, na chumvi ya kushika kwa vidole viwili. Nasema malimau, yale makubwa ya manjano yenye ganda nene. Ndimu itakupa ukali lakini harufu yake ni nyingine. Harufu ya limau imo katika ngozi ya juu, ile ya manjano. Chini yake kuna nyama nyeupe ambayo ni chungu, hiyo iache. Mke wangu huikwaruza ngozi kwa kipande cha bati kilichotobolewa kwa msumari, kisha akaifikicha pamoja na sukari kwa vidole mpaka sukari ipate rangi na unyevu. Ukiwa barazani utaisikia harufu. Baadaye ndipo hupiga siagi na ile sukari kwa mwiko mpaka iwe nyeupe, akatia mayai, akatia maji ya limau vijiko viwili vya mezani, na mwisho unga uliochekechwa pamoja na magadi na chumvi.

Hapo kwenye unga ndipo wengi wanapoharibu. Wamezoea chapati, basi hukanda. Unga wa ngano ukikandwa hujifunga ukawa na mvutano, na mvutano huo ndio tunaoutaka katika chapati. Katika biskuti ni adui. Changanya tu mpaka usione tena weupe wa unga, kisha acha. Viringa vidonge vya ukubwa wa ndimu ndogo, utapata kama 30.

Jambo la pili ni joto. Siagi huyeyuka kwa joto lililo karibu na la mwili wa mtu. Mlimani, mke wangu akiwa kwao, hulazimika kuisogeza karibu na moto ndipo ilainike. Hapa Same, na huko kwenu Tanga, Mombasa au Unguja, ukifanya kazi hii adhuhuri siagi itakukimbia mikononi, na vidonge vikifika motoni vitatandaa kama maji. Fanya alfajiri, au baada ya Isha, na uviweke vidonge mahali pa baridi nusu saa kabla ya kuvioka.

Asiye na oveni asihuzunike. Sisi hutumia sufuria kubwa nzito, ndani mchanga mkavu wa kina cha vidole viwili, juu ya mchanga sinia, kisha mfuniko wa bati unaopaliwa makaa. Makaa ya juu yawe mengi kuliko ya chini. Kwanza nyunyiza unga kidogo katika sinia ufunike: ukigeuka rangi taratibu, moto umefaa, ukiungua papo hapo, umezidi. Dakika 12 au 15 zatosha. Ziondoe pale pembeni panapoanza kushika rangi, hali katikati bado pakibonyea. Utadhani hazijaiva. Ziache palepale katika sinia, zitajishika zenyewe zikipoa. Anayengoja ziwe ngumu motoni atakula mawe kesho yake.

Sasa, kwa nini siagi na isiwe samli yetu? Kwa sababu samli ni mafuta matupu, maji yake yamekwisha kukaushwa motoni, na ndiyo maana kileja hugeuka vumbi. Siagi ina maji ndani yake. Kipimo kinachotambuliwa na mataifa ni kwamba mafuta ya maziwa yasipungue asilimia 80 na maji yasizidi asilimia 16, na unyevu huo, pamoja na kiini cha yai, ndio huiachia biskuti ulaini. Lakini siagi ni ghali, na haki yake kuwa ghali. Kilo moja yahitaji maziwa yapata lita 20. Aliyewahi kumwona mama wa mlimani akisuka maziwa katika kibuyu tangu alfajiri hatathubutu kupunguza bei.

Na hapa ndipo ninapofika katika lililonifanya niandike.

Jirani yetu mmoja ni mjane mwenye watoto wanne, wawili wako chuoni kwangu. Alijifunza biskuti hizi kwa mke wangu, akaanza kuziuza, na zikampatia riziki. Watu wakazijua kwa jina la "biskuti za siagi", wakawa wanaagiza kwa Idi na kwa arusi. Mwaka fulani bei ya siagi ikapanda, na kabla ya mfungo kwisha mama huyu akaja barazani.

"Shikamoo, Maalim."

"Marahaba, mwanangu."

Akaniuliza kama yafaa atie majarini nusu na siagi nusu, bei ibaki ileile na jina libaki lilelile. Nikamjibu kwamba majarini ni halali yake, lakini jina lina shaka. Naye hakuwa mtu wa kunyamazishwa upesi. Akasema, "Maalim, mbona watu wote huiita siagi? Mtume mtoto dukani akanunue siagi, atakuletea kopo la majarini. Nitakuwa nimedanganya nini?"

Msomaji, hoja hii si nyepesi. Wanavyuoni wetu huitazama sana desturi ya watu katika maana za maneno, na ni kweli kwamba katika Kiswahili cha madukani neno siagi limebeba vitu viwili. Nilimwomba anipe usiku mmoja.

Vitu hivi viwili vina asili mbalimbali. Majarini ilitengenezwa mwaka 1869 na Mfaransa mmoja, Hippolyte Mège-Mouriès, pale mfalme wao Napoleon III alipotangaza zawadi kwa atakayepata mafuta rahisi mahali pa siagi. Ya kwanza ilitokana na mafuta ya ng'ombe. Za leo aghalabu hutokana na mafuta ya mimea. Haukupita muda, wafanyabiashara wa Ulaya wakawa wanaiuza kwa majina yanayofanana na siagi, na watu wakalalamika, hata Bunge la Uingereza likatunga sheria mwaka 1887 kwamba kila chombo cha majarini kiandikwe jina lake waziwazi. Wazungu wale hawakuwa na chuo wala maalim, lakini waliona kwamba mnunuzi anaibiwa kwa neno.

Sisi tunayo habari iliyo karibu zaidi. Mtume (S.A.W.) alipita sokoni akatia mkono ndani ya chungu ya nafaka, akakuta chini kumelowa. Mwenye mali akaeleza kwamba ilinyeshewa na mvua. Mtume hakumlaumu kwa mvua. Alimuuliza kwa nini hakuiweka iliyolowa juu watu wakaiona. Nafaka ile ilikuwa chakula bado, na huenda ingenunuliwa vilevile.

Asubuhi nikamwambia mama yule hivi: desturi ya neno hutazamwa kwa yule anayelisikia. Mtoto anayetumwa dukani, mtumaji na muuzaji wote wanajua ni kopo gani. Lakini anayekuja kwako akatoa bei ya siagi, akaacha biskuti za dukani zilizo rahisi, amelielewa neno kwa maana ya maziwa ya mlimani, na wewe unajua kwamba amelielewa hivyo. Changanya ukipenda, ila aliyenunua ajue kabla hajalipa.

Alinyamaza. Kisha akasema, "Nitawapoteza watu, Maalim." Nikamwambia huenda. Sikuwa na la kumpoza, kwani kusema kuwa riziki itaongezeka kesho asubuhi kwa sababu amesema kweli ni ahadi ambayo mimi sina mamlaka ya kuitoa.

Akawapoteza kweli. Bwana mmoja aliyeagiza za arusi alipoambiwa zina majarini nusu alighairi, akanunua kwingine, ambako hakuuliza wala hakuambiwa. Nakiri kwamba jambo hili liliniuma kuliko lilivyomuuma mwenyewe. Idi ile watoto wake hawakushona nguo mpya, na baadhi ya majirani walisema kwamba Maalim amezidi ukali katika kitu cha unga na sukari. Neno hilo lilinifikia. Sikubadili nililosema.

Mwaka uliofuata alianza kuoka makopo mawili mbalimbali. Wanafunzi wangu wakubwa walimwandikia karatasi za kubandika: moja "Limau, siagi tupu", nyingine "Limau, siagi nusu na majarini nusu", kila moja na bei yake. La pili ndilo linalotoka zaidi, wala wanunuzi wake hawaoni haya, kwani majarini hushika umbo vizuri katika joto la hapa, na mtu mwenye watoto saba hutazama mfuko wake. La kwanza hununuliwa na wachache, sisi tukiwa miongoni mwao kwa ajili ya mzee wa mlimani.

Hivi karibuni alinijia na swali jingine, la arki ya limau inayouzwa katika vichupa, akitaka kujua kama yafaa kuitia badala ya kukwaruza maganda. Nikamwambia asome chupa, kwa sababu nyingi za arki hizo huyeyushwa katika alkoholi. Akacheka, akasema malimau ya mkokoteni si ghali hata amsumbue Maalim kwa kichupa. Kisha akaniomba vipimo vya kileja cha Pangani, maana watu wa pwani waliohamia Same wameanza kumuulizia. Mke wangu amempa, na samli ataagiza mlimani.