Kiraka Kipya Katika Moteri Kuukuu



Wengi mmeuliza namna gani Yamaha DT 125 ya misioni, ile iliyolala miaka mingi katika depo, inalia tena hapa Bel-Air. Sisi wa darasa la mwisho tutasema yote, hata yale ya haya.

Tulipata pistoni na segema zake kutoka moto ingine iliyokufa. Silindiri ya DT 125, ikiwa mpya, ina upana wa milimita 56. Lakini yetu kazi ilikuwa imeikula. Fundi alituonya: «Batoto, mupime kwanza.» Siye tukaona anatuchelewesha. Tukafunga bila kupima.

Siku ya pili moteri ikagonga, ikatoa moshi, ikanyamaza njiani, na mchungaji akaenda kwa mgonjwa kwa miguu. Hapo, sisi wakubwa na maprefe, tulisema kosa ni la mtoto wa darasa la tatu: eti alitia mafuta kidogo katika esanshi.

Fundi akafungua. Mafuta ilikuwa ya kutosha. Segema moja imevunjika, nafasi ya pistoni ni kubwa mno. Akapanua silindiri mpaka milimita 56,50, akatia pistoni ya kuilingana.

Bwana alisema juu ya kiraka kipya katika nguo kuukuu. Siye tulisikia tu, hatukuelewa.

Jumatatu, mbele ya bendera, tulimwomba yule mtoto msamaha. Alijibu: «Biishe, bayaya.» Sasa yeye ndiye anapima mafuta ya moto.